Breki ya Mjomba

Pikipiki tulizokuwa tunashindana nazo hazina breki. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu wa kwetu niliyemwambia alidhani natania. Mama alidhani ni Kiingereza changu, kwamba labda waliniambia breki ni kali na mimi nikasikia hakuna. Hapana. Hazina. Zina gia moja, hazina taa, hazina honi, hazina breki, na hiyo si kasoro, ndiyo sheria yenyewe. Mnaingia wanne, mnapiga mizunguko minne kwenye njia ya mviringo ya udongo na changarawe, mnakata kushoto tu. Kwenye kona unaliachia tairi la nyuma liteleze, huku mguu wa kushoto unaburuzika chini ndani ya kiatu chenye soli ya chuma. Mtu akishika breki pale katikati ya kona, aliye nyuma yake anampanda mgongoni. Kwa hiyo kukosa breki ndio usalama wenu. Ukishalielewa hilo, mchezo wote umeuelewa.

Mjomba wangu hakulielewa. Mimi nililielewa vizuri kabisa, na nikanyamaza.

Louisville ndiko tulikofikia kwanza kutoka kambini Burundi, mama, wadogo zangu, mimi na mjomba, kaka yake mama. Baadaye rafiki wa mama akampigia simu kutoka Buffalo, akamwambia West Side kuna nyumba za mbao za zamani, kubwa, ngazi zinalia lakini vyumba vipo, na kazi za godauni hazikosekani. Mama akafunga mizigo. Mjomba akabaki Louisville kwa sababu alikuwa ameshapata ua wa kutengenezea magari ya watu wa kanisani, na mjomba akishapata mahali pa kumwaga spana zake huwezi kumng'oa. Uvira alikuwa motari, anabeba abiria na magunia kwa pikipiki kwenda milimani na kurudi. Bujumbura alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na tatu, jambo ambalo mama alilijua siku nilipokuja kumchukua sokoni.

Buffalo nilipata kazi kwenye kiwanda cha kufunga jibini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nacheka na kila mtu, hata na mashine. Jumamosi moja mama alinituma Riverside na sufuria ya sombe, nimpelekee mwanamke wa kanisani aliyejifungua. Niliposhuka basi nikasikia mlio. Si mlio wa pikipiki ya barabarani. Ulikuwa kama mtu anapasua shuka kubwa, anapumzika, anapasua tena. Nikaufuata. Nikapita nyuma ya magodauni, nikapita uzio uliolala, nikatokea kwenye uwanja wa mbio nimeshika sufuria kwa mikono miwili kama mtu aliyealikwa.

Sitaficha: mwanamke aliyejifungua hakula sombe siku ile. Walikula watu wa timu, kwa vijiko vya plastiki, wamesimama. Mke wa kapteni aliuliza hayo ni majani gani, nikamwambia ya muhogo, akauliza muhogo ni nini, nikashindwa, nikamwongezea. Kapteni mwenyewe, mzee mrefu mwenye vidole vitatu mkono wa kulia, alikwangua sufuria, akaniuliza kwa nini natazama pikipiki yake hivyo.

"Naijua," nikasema.

"Huijui."

"Basi nipe niijue."

Wote walicheka. Alinipa wiki mbili baadaye.

Timu ile ilikuwa na historia ndefu kuliko umri wa mama. Kapteni alikuwa anaisimulia kila tunapongoja mvua ikatike, na Buffalo mvua haina haraka. Alisema walioianzisha walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, vibarua wa zamu, wengine wametoka Poland, wengine Italia, wengine Ireland, watu ambao mabosi wao hawakuweza hata kutamka majina yao. Walijenga pikipiki kwa injini walizozitoa kwenye mashine za shambani. Njia ya mbio waliimwagia jivu la makaa kutoka kiwandani, walilolibeba kwa toroli baada ya kazi. Siku za mechi jiji lilihamia pale, wanawake na kofia zao, watoto wamekaa juu ya mabega. Alinionyesha kwa mkono mahali yalipokuwa mabenchi. Mimi nilikuwa naona magugu na friji iliyotupwa, lakini nilikuwa namwamini.

Kisha kiwanda kilifungwa. Mabenchi yakauzwa mbao. Timu ikabaki na watu wanane, halafu saba, halafu watano, na mimi nilipoingia nikawa wa sita. Ligi yetu ilikuwa ligi ya kimaskini: timu chache za majiji, tunasafiri na gari moja la mizigo, tunalala kwenye nyumba za watu. Columbus walikuwa matajiri wetu kwa sababu choo chao kilikuwa na maji.

Kilichonifunga mimi pale ni ukuta. Ndani ya banda la kuwekea pikipiki, upande mmoja wa mbao haukupakwa kitu ila majina. Desturi ilikuwa hivi: ukishinda mbio ugenini, si nyumbani, ugenini, ukirudi unaandika jina lako ukutani kwa rangi nyekundu, kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna anayekuandikia. Wale wa mwanzo wengi hawakuwa wamesoma, herufi zao zimelala kama zimechoka. Kulikuwa na jina la mtu mmoja mweusi, wa zamani sana, ambaye kapteni alisema alikuwa akishinda halafu analala ndani ya gari kwa sababu hoteli hazikumtaka. Jina lake aliliandika kubwa kuliko yote. Nilikuwa nalipitishia kidole kabla ya kila mazoezi.

Mimi nimetoka kwenye watu ambao majina yao yameandikwa kwenye makaratasi ya kambi tu, na mara nyingi kwa makosa. La mama limekosewa mpaka leo, tarehe ya kuzaliwa ya mjomba ni ya kubuni. Nilitaka ukuta ule. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Nililiandika jina langu kwenye karatasi za kiwandani, kwenye vumbi la dirisha la basi, kwenye jibini moja ambalo sitasema liliishia wapi. Kwa kuwa halipo ukutani, basi humu nako sitaandika jina la mtu yeyote. Tuwe sawa.

Msimu wa kwanza nilijifunza kuanguka. Wa pili nilijifunza kutoka pale ilipo kamba ya kuanzia bila kuruka juu. Wa tatu ndio huu ninaousimulia. Ligi ilisema timu itakayomaliza ya mwisho itatolewa, na mwenye ardhi ya uwanja wetu alikuwa ameshasema waziwazi: bila ligi, hakuna uwanja, yeye anataka mahali pa kuegesha trela. Ilipofika mwisho wa msimu tulikuwa wa mwisho, na zimebaki mechi mbili, zote ugenini. Louisville, halafu Columbus.

Mama hakuja kuniona hata mara moja. Alikuwa akiniangalia nikifunga buti yangu ya chuma sebuleni, anatikisa kichwa.

"Weye mutoto, unataka nikuzike hapa kwenye baridi?"

"Mama, wakati wa mbio hakuna baridi. Ni kiangazi."

"Njo vile, unanijibu. Baba yako naye alikuwa anajibu."

Baba alikufa kwa pikipiki nikiwa mdogo, kwenye barabara ya kushuka kutoka milima ya juu kwenda Uvira. Hilo nililijua. Sikulijua lote.

Louisville mjomba alikuja. Hakuja peke yake, alikuja na nusu ya kwaya, akina mama na vitenge vyao, wakakaa mbele kabisa, wakapuliziwa udongo mpaka kwenye meno. Walikuwa hawajui lolote, wakawa wanashangilia kila anayepita. Mzunguko wa tatu, nikiwa wa pili, nilichelewa kuachia gesi, pikipiki ikaninyanyua, nikaenda kwenye uzio. Niliinuka mwenyewe. Nilikuwa na mchubuko wa nyonga na vumbi kinywani, basi. Lakini kabla sijavua helmeti nikaona mzee wa karibu miaka sitini anapanda uzio, kiatu kimoja kimemtoka, anakimbia kwenye njia ya mbio huku wasimamizi wanapiga filimbi.

Hakuja kwangu. Alienda kwenye pikipiki. Akapiga magoti, akaizunguka, akaishika huku na huku kama daktari.

"Eh, mama," akaniita, maana yeye ananiita mama tangu utoto. "Freni ya hii kintu iko wapi?"

"Haina breki, mjomba."

"Imekatika?"

"Haijawahi kuwa nayo. Zote hazina."

Akazitazama za wenzangu, moja moja. Akarudi.

"Donc, hawa bazungu bamekupatia pikipiki yenye haiko na freni, na weye ukapanda tu, unacheka?"

"Ndiyo sheria, mjomba."

"Sheria ya nani?"

Kapteni alifika, akadhani mjomba anagomba kuhusu usukani uliopinda. Mjomba hakuwa na Kiingereza cha kugombea. Alichukua gurudumu la mbele lililokuwa limekaa kama sambusa, akaliweka kati ya magoti, akakaza spoki kwa vidole na koleo, jicho moja limefumbwa, na baada ya robo saa likazunguka bila kuyumba hata kidogo. Kapteni aliligusa, akalizungusha tena, akacheka peke yake.

"Huyu mzee ana mikono," akaniambia. "Mwambie usukani na fremu amalizie yeye. Atuletee Columbus Jumamosi ijayo."

Nikatafsiri. Mjomba alishika kifua, akainama kidogo. Sijui kama kuna mtu mwingine Amerika nzima alikuwa amewahi kumpa kazi kwa kuitazama kazi yake tu, bila karatasi.

Kesho yake baada ya ibada, kabla sijapanda gari la kurudi, alinikalisha kwenye ua wake, juu ya kiti kilichotolewa kwenye gari. Pikipiki yangu ilikuwa imelazwa juu ya meza. Alikuwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ile pikipiki ya baba yako," akasema, "ilikuwa yangu. Unajua?"

Sikujua.

"Ilikuwa yangu. Aliniomba siku moja tu, apeleke dawa huko juu. Freni ya nyuma ilikuwa imekwisha. Nilijua. Nikamwambia, we shuka polepole. Bon. Nikamwambia hivyo, polepole." Akaweka spana chini. "Mama yako hajui ilikuwa imekwisha. Anajua ilikuwa yangu, hiyo nyingine hajui."

Nilimshika mkono. Gari lilikuwa linapiga honi nje.

Jumamosi ya Columbus alichelewa. Ukaguzi wa pikipiki ulikuwa umeshaanza, wenzangu wote wamepita, na mimi nimesimama getini nikitazama barabara. Mkaguzi alikuwa anakunja meza yake. Kapteni akamwambia angoje. Akangoja. Akaanza kukunja tena.

Ndipo gari la mjomba likaingia. Alishuka amevaa suti ya kahawia, ile ya Pasaka, na tai. Ameendesha kutoka Louisville asubuhi na mapema, peke yake, na suti. Tuliishusha pikipiki pamoja. Usukani umenyooka, fremu imepakwa rangi nyeusi mpya, mnyororo unang'aa. Nilifurahi nikataka kuruka. Halafu akanivuta pembeni pamoja na pikipiki, nyuma ya mlango wa gari, akanipandisha, akaongea chini chini.

"Hapa," akasema, akashika mguu wangu wa kulia kwa mkono wake, akausogeza kidogo tu nyuma. Kidole changu kikagusa kitu. "Nimekuwekea freni. Ya nyuma. Nimeitoa kwenye pikipiki ya mtoto, ndogo, haionekani. Waya umepita chini ya fremu. Ukiona mambo yameharibika, kanyaga. Usiniambie sheria. Sheria haikuzika baba yako, mimi njo nilimuzika."

Kwetu mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Hukikagui mbele yake, humrudishii mbele ya watu. Anaweza kukupa shati linalokubana, utalivaa siku hiyo, utavua nyumbani. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma. Na huyu alikuwa mzee aliyevaa suti, macho mekundu kwa barabara, ambaye amekaa miaka na jambo moja na amelimaliza wiki ile kwa mikono yake.

Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya yake. Nikasema, "Asante, mjomba."

Nilijua. Msiniandikie kwamba sikujua. Nilikuwa na dakika kama kumi. Ningeweza kumwambia kapteni polepole, angeukata ule waya kwa koleo, mjomba angesimama pale na suti yake anaangalia. Nilichagua. Nikajiambia sitaikanyaga, na kitu kisichokanyagwa ni kama hakipo. Huo ndio usomi wangu.

Mkaguzi alisema sharti aifungue na muda hana tena, labda mtu wa timu asaini kwamba iko kisheria. Kapteni akachukua kalamu.

"Hii pikipiki ninaijua kuliko mke wangu," akasema. "Nipe nisaini mimi."

"Una hakika?"

Akanitazama mimi, si pikipiki. "Nina hakika."

Akasaini.

Mbio zenyewe sitazisimulia sana, maana nikianza nitafurahi, na sina haki. Nilitoka vizuri kambani. Kona ya kwanza nilikuwa wa tatu. Mzunguko wa pili aliyekuwa mbele yangu akayumba, pengo likafunguka kwa ndani, jembamba kama mlango wa choo cha basi, nikapita. Mzunguko wa tatu yule wa kwanza akaanguka mbele yangu, kabisa mbele, nikamwona amekunja mikono kichwani. Mguu wangu wa kulia ulienda nyuma. Ulikigusa kile kitu. Naapa kwa mguu huu: uligusa, na nikauinua. Nikailaza pikipiki zaidi, nikampita kwa upande wa nje, karibu na uzio, jinsi kapteni alivyonifundisha miaka mitatu, na nikamaliza wa kwanza.

Mwenzangu wa timu alimaliza wa pili. Kwa pointi zile hatukuwa wa mwisho tena. Kapteni alikuja akikimbia, mzee yule, mabega juu, akaninyanyua na helmeti yangu. Mke wake alikuwa analia na kucheka, ananiambia sikioni kwamba kabla hatujaondoka Buffalo alikuwa ameshapiga mstari wa penseli ukutani, chini ya jina la mwisho, ili nisiandike kwa kupinda.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu."

Sheria yao ni kwamba pikipiki ya mshindi inakaguliwa tena. Haikuchukua muda. Yule mkaguzi alipitisha mkono chini ya fremu, mkono ukasimama. Akaita wenzake wawili. Wakawasha tochi mchana kweupe.

Kapteni aliinama, akaangalia. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko kuangalia kunavyotaka. Aliponyooka aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Uliikanyaga?"

"Hapana."

Mkaguzi akacheka kwa pua. Kapteni hakucheka.

"Nani aliiweka?"

Mjomba alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, mikono mbele, anatabasamu. Alikuwa anaona wazungu watano wamezunguka kazi yake na tochi. Alikuwa anadhani wanaisoma.

"Mimi," nikasema.

Kapteni alimtazama mjomba, akanitazama. Nadhani alielewa. Kuelewa hakukumsaidia kitu, sahihi ilikuwa yake.

Mjomba akanigusa kiwiko. "Wanasema nini?"

"Wanasema ni nzuri, mjomba."

"Waambie ilinisumbua kwenye waya." Akawapungia mkono. "Waambie."

Sikuwaambia.

Ushindi ulifutwa. Pointi za siku ile zilifutwa zote, hata za mwenzangu ambaye hakuhusika. Kapteni alizuiwa kusimamia timu, maana alisaini. Timu bila kapteni, ya mwisho kwenye ligi, haikuwa timu tena. Kwenye gari la kurudi Buffalo hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Walizungumza habari za barabara, wapi tununue kahawa, na mimi wakaniuliza kama nataka sukari.

Uwanja ule sasa umemwagwa kokoto, trela zimepangwa. Lile jivu la makaa lililobebwa kwa toroli na watu waliotoka kazini liko chini yake. Banda lilivunjwa. Mke wa kapteni aliokoa mbao za ukuta, zipo kwenye gereji yao, Riverside, zimesimamishwa nyuma ya mashine ya kukatia majani. Na kapteni anaandika historia ya timu kwenye daftari, tangu mwanzo, kwa mkono wa vidole vitatu. Anasema mtu lazima aandike.

Nilienda kwao mwaka huu. Nilikuwa na shida ambayo nisingeweza kumweleza mtu mwingine. Mjomba alikuwa amesimama kanisani Louisville akatoa ushuhuda, kwamba mtoto wa dada yake alikuwa wa kwanza Columbus na freni yake ilimwokoa pale mtu alipoanguka mbele, na kwamba Mungu ametuliza moyo wake kuhusu jambo la zamani. Watu walipiga makofi. Mama alilia kwenye simu, bila kujua jambo gani la zamani. Kisha mjomba akaniuliza jina langu limekaaje ukutani, nikasema zuri, jekundu. Akasema nitumie foto.

Nikamwambia kapteni yote. Baba, dawa, barabara ya milimani, freni iliyokwisha, suti. Tulikuwa kwenye gereji, mlango wazi, mke wake amesimama na vikombe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikamwomba niandike jina kwa siku moja tu, nipige picha, nifute. Mstari wa penseli ulikuwa bado upo. Nilikuwa nauona kutoka pale nilipokaa.

Mke wake aliweka vikombe chini, akafungua kabati, akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi. Alinipa.

Kapteni akaichukua brashi mkononi mwangu. Taratibu, bila hasira.

"Hapana," akasema.

"Ni kwa ajili ya mzee tu."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Kila mtu kwenye ukuta huu alishinda. Yule aliyelala ndani ya gari alishinda."

"Na mimi nilishinda. Sikuikanyaga."

"Nakuamini," akasema. Ndiyo, alisema hivyo. "Nilikuamini na siku ile, ndiyo maana sikuangalia. Mwambie mjomba wako ukweli."

"Ukweli utamuua."

"Mimi haukuniua?"

Mke wake alisema jina lake kwa sauti ndogo, kumzuia. Kapteni akarudisha kifuniko cha kopo, akakigonga kwa kiganja mpaka kikakaa. Nilimuuliza kama kwenye daftari lake ataniandika. Akasema ataandika kwamba msimu wa mwisho timu ilifutiwa matokeo Columbus. Nikauliza, na mimi? Akasema, wewe ulisema uliiweka mwenyewe, unataka niandike hivyo? Nikasema hapana. Basi, akasema.

Yuko sawa. Nimelizungusha mara nyingi, kila nikizungusha linaishia hapo hapo, yuko sawa, na bado siwezi kumpigia mjomba nikamwambia kwamba breki yake imeua timu ya watu. Nilijaribu juzi, wakati wa mapumziko ya chakula, nje ya kiwanda, mabonge ya theluji yamebaki pembeni mwa ukuta. Nilikuwa nimejipanga. Nimeandika hata maneno kwenye kiganja.

"Mjomba," nikasema, "kuna jambo la ile freni."

"Eh, mama! Na mimi nilikuwa nataka kukuambia." Nyuma yake nilisikia kitu cha chuma kinaanguka, naye akicheka. "Nakuja Buffalo kiangazi, nione ule ukuta na macho yangu. Na siji mikono mitupu. Wale wenzako batano, bamepanda bila kitu, nimekuwa nawawaza. Nimeshatengeneza freni tatu. Zimebaki mbili."